Sindano ya Almasi: Je, Ghali Ndiyo Bora?

Sisi watu wa Maganzo tumekaa jirani na mgodi wa Mwadui, ambao Dakta John Williamson aliugundua mwaka 1940. Almasi kwetu ni habari ya kila siku. Lakini kabla ya likizo iliyopita sikujua ya kuwa nyumbani kwa babu mna almasi moja, tena imekaa mle miaka mingi. Imo katika kinanda chake cha santuri.

Ni punje ndogo mno, ncha ya sindano. Zamani sindano zilikuwa za chuma, na ilipasa kuzibadili kila baada ya upande mmoja wa sahani. Almasi, kwa ugumu wake, hudumu kiasi cha saa 500 hadi 1,000. Hupita katika mfereji mwembamba kama unywele, na kuta za mfereji huitikisa. Mtikisiko huo hupanda mpaka kile kichwa kiitwacho katriji, ambamo sumaku na koili za waya huugeuza kuwa umeme mdogo. Umeme ukikuzwa, twamsikia Salum Abdallah na Cuban Marimba yake ya Morogoro kana kwamba yumo chumbani.

Basi kinanda kilianza kukwaruza na kuruka, naye babu akaweka sarafu juu ya kichwa ili kitulie. Mjomba aliposikia akasema atanunua katriji ya fahari, nami nikatumwa kuuliza bei. Ziko za dola zisizotimia 100, na ziko za dola 10,000 na zaidi! Fedha hiyo kwetu ni nyumba.

Nilidhani kinacholipiwa ni almasi yenyewe. Sivyo. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza mwaka 1955 kwamba imeweza kutengeneza almasi, na siku hizi almasi za kazi za viwanda karibu zote hutengenezwa na watu. Kilicho ghali ni uchongaji. Ncha iliyochongwa nyembamba hufika penye sauti ndogo ambazo ncha ya mviringo huzipita juu juu, na tofauti husikika hasa sindano ikaribiapo katikati ya sahani. Lakini ncha ya namna hiyo hupatikana hata kwa bei ya kadiri. Juu ya hapo sauti huongezeka kidogo, bei huongezeka sana, na mtu hulipia dhahabu, mbao za thamani na jina.

Tena nyingi za ghali ni zile ambazo koili ndiyo huchezeshwa badala ya sumaku. Umeme wake ni hafifu, hutaka mashine nyingine ya kuukuza, na sindano ikilika kichwa kizima hurudishwa kwa fundi, pengine Ulaya au Japani. Ile ya sumaku, hata mimi naweza kuichomoa sindano na kupachika mpya.

Kilichonitia huzuni ni sarafu. Katriji nyingi za sasa hutakiwa kulemea kwa gramu 2 hivi, na sarafu yazidisha mara kadhaa. Sindano iliyolika, ikilemewa hivyo, huchimba mfereji kama jembe. Sahani moja aliyoipenda marehemu bibi imekwisha haribika, wala katriji ya dola 10,000 haitairudisha.

Nilimweleza babu kwa adabu. Alinyamaza, kisha akaiondoa sarafu mwenyewe. Mjomba amekubali kununua sindano ya bei ya kadiri, na fedha iliyosalia itengeneze spika, ambayo karatasi yake imetoboka. Sindano imeagizwa Dar es Salaam, na mpaka ifike kinanda kimefunikwa kitambaa.