Kidingapopo: Homa Ikishuka, Damu Ipimwe Tena

Ndugu wafanyakazi, kidingapopo si mgeni katika pwani yetu. Uliwaangusha wengi Mombasa mwaka 2013 na Dar es Salaam mwaka 2014, na mwaka 2019 ukarudi Dar es Salaam na kuingia Tanga.

Wengi wetu tukishikwa na homa husema, "Ni malaria tu," tukameza dawa na kurudi kazini. Lakini dawa ya malaria haigusi kidingapopo, na homa hizi mbili huanza kwa kufanana: kichwa kuuma, viungo kuuma, mwili kuchoka. Mbu wa kidingapopo huuma mchana, saa zile zile tuwapo kazini. Njia ya kuujua ugonjwa huu kwa hakika ni kupima damu.

Vipimo ni vya namna mbili. Cha kwanza ni cha kuutambua ugonjwa. Katika siku tano za mwanzo hutafutwa virusi vyenyewe, au protini yake iitwayo NS1. Kuanzia siku ya tano hivi hutafutwa kinga ambazo mwili umetengeneza. Kwa hiyo mweleze mganga homa ilianza siku gani ili achague kipimo kinachofaa. Malaria nayo ipimwe, maana mtu aweza kuwa na zote mbili.

Cha pili ni hesabu kamili ya damu, nayo huonyesha ugonjwa unakwendaje. Chembe sahani, ambazo husaidia damu kuganda, kwa kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000 katika mikrolita moja. Kidingapopo huzipunguza. Tena mishipa ikianza kuvuja maji ya damu, damu inayobaki huwa nzito na kipimo cha hematokriti hupanda. Chembe sahani zikishuka upesi huku hematokriti ikipanda, mgonjwa ni wa kuangaliwa hospitali. Kupanda na kushuka huko hakuonekani kwa kipimo kimoja, lazima kirudiwe.

Na hatari yenyewe huja lini? Mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya saba, homa inapoanza kushuka. Siku ambayo msimamizi husema, "Umepoa, rudi kazini," ndiyo siku ya kupima tena. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo, ukitokwa damu puani au kwenye fizi, au ukilegea mno, nenda hospitali mara moja, usingoje kipimo. Kwa homa tumia parasetamoli. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziacheni, kwa kuwa huongeza hatari ya kuvuja damu.

Sheria iko upande wetu. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi sita siku 126 za ugonjwa katika miezi 36: 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Kenya, sheria ya mwaka 2007 inampa aliyetimiza miezi miwili siku zisizopungua saba kwa mshahara kamili na saba kwa nusu, kila mwaka. Kote cheti cha daktari kinatakiwa.

Basi kamati za matawi zidai mambo matatu: mgonjwa wa homa apimwe damu; asirudishwe kazini kwa sababu tu homa imeshuka; na mapipa yafunikwe na matairi ya zamani yaondolewe kiwandani na shambani, kwani humo ndimo mbu hao huzaliana.