Bolingi: Tundu baya huumiza kuliko mpira mzito

Mpira wa bolingi ya pini 10 hauruhusiwi kuzidi kilo 7.26. Huo ni uzito wa mpira uliotulia. Mpira unaobembea mkononi ni habari nyingine. Mchezaji hurudisha mkono nyuma hadi mpira ufike usawa wa bega, kisha huuachia ushuke. Unapopita chini kabisa, mkono hauubebi tu, bali pia huuvuta usichomoke kwenye duara unalolizunguka. Ukikokotoa, nguvu hiyo ni mara tatu ya uzito wa mpira: wa kilo 6 huvuta kama wa kilo 18. Cha ajabu, urefu wa mkono haubadilishi jibu. Mkono mrefu huupa mpira kasi kubwa zaidi, lakini duara lake nalo ni pana zaidi, na mambo hayo mawili hufutana. Hapo mkono umelegezwa; anayeusukuma mpira kwa misuli hujiongezea mzigo.

Mchezo mmoja una raundi 10 na unaweza kufikia mitupo 21, yote kwa mkono uleule, na kila mtupo humalizikia kwenye goti la mbele lililokunjwa huku mguu ukiteleza. Wanaodai kwamba bolingi haichoshi mwili hawajawahi kuhesabu. Ni kweli kwamba moyo hausukumwi sana, hivyo haichukui nafasi ya kukimbia. Bega, kiuno na goti ndivyo vinavyolipa.

Kuna kanuni isiyokufa: mpira uwe asilimia 10 ya uzito wa mchezaji. Kwa kanuni hiyo, mtu wa kilo 90 angehitaji mpira wa kilo 9, ambao sheria za mchezo haziruhusu. Tena mizani haijui kama bega liliwahi kuteguka.

Madhara yanayosahaulika zaidi huanzia kwenye tundu. Mpira wa kawaida una matundu matatu, la gumba, la kidole cha kati na la kidole cha pete, na ule wa kuazima ukumbini umetobolewa kwa ajili ya mkono wa yeyote. Tundu la gumba likiwa pana, mchezaji hukunja gumba na kubana ili mpira usimponyoke. Hapo ukingo wa tundu husugua ubavu wa gumba unaotazama kidole cha shahada. Mshipa wa fahamu unaopita hapo uko karibu sana na ngozi, bila nyama ya kuukinga. Ukisuguliwa kila wiki, tishu zinazouzunguka hujenga kovu, na kovu hilo huubana mshipa wenyewe. Kijivimbe hujitokeza karibu na shina la gumba, na kukigusa hurusha mchonyoto hadi ncha ya kidole. Ganzi hufuata.

Hapo ndipo wauzaji wa mafuta ya kukanda na bangili za sumaku wanapojitokeza. Kukanda ni kusugua, na kusugua ndiko kulikoleta ugonjwa. Anayeahidi kukipasua kijivimbe hicho kwa kukiminya anauponda mshipa wa fahamu, hakuna kingine. Bangili nayo haipunguzi upana wa tundu.

Viatu navyo havikuwekwa kwa ajili ya usafi wa sakafu tu. Cha mchezaji hasa wa mkono wa kulia kina soli laini kushoto, ya kutelezea, na soli yenye mshiko kulia, ya kusukumia. Vingi vya kukodi ni laini pande zote. Soli ya kutelezea ikilowa maji au soda, mguu hukwama ghafla ilhali mwili unaendelea mbele, na goti hujipinda.

Ushauri ni mfupi: mpira ubembee bila kupindisha bega, tundu pana lipunguzwe kwa utepe maalumu, na soli zikaguliwe kila baada ya kutoka msalani au kwenye meza ya vinywaji. Gumba likianza kufa ganzi, mchezo usimame. Ganzi isiyoondoka baada ya wiki kadhaa za kupumzika ipelekwe kwa daktari, na mpira wenyewe upelekwe kwa fundi wa kutoboa kabla haujachezewa tena.