Ndoa ya padri, ndoa ya shehe, na karatasi ya komini

Kwetu wa sindika, hapa Nyakasanza, wajane wanakuja na karatasi za ndoa za kila namna. Moja iko na muhuri wa parokia, ingine sahihi ya shehe. Bwana alikuwa mfanyakazi wa kampuni, ama alibaki ndani ya shimo. Mama anauliza: haki yangu iko wapi? Nasi tunamuuliza: na karatasi ya eta sivili? Hapo mama ananyamaza.

Tuseme wazi, juu wengi wanachanganya. Katiba ya 2006 inasema Leta yetu haina dini. Kode ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inajua ndoa iliyofungwa mbele ya afisa wa eta sivili, ama ya desturi, ya familia, ambayo imeandikishwa kwake. Ya kanisani ama ya msikitini peke yake, mbele ya tribinali ni kama haiko.

Hapo Leta haidharau Mungu. Hata sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni 1059, inaachia serikali mambo ya kiraia ya ndoa. Padri anaangalia kama mmefungwa kweli mbele ya Mungu. Kwa hiyo tribinali inaweza kuvunja ndoa, na kanisa bado linahesabu mutu ameoa. Lakini mali ya marehemu padri hagawi.

Uislamu unagawa, tena kwa hesabu. Mjane mwenye watoto anapata sehemu moja ya nane, na mtoto mwanaume mara mbili ya dada yake. Ndugu zetu Waislamu wanatuuliza: mbona kule Mombasa kadhi anaamua? Ni kweli. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, inampa kadhi kazi ya ndoa, talaka na urithi, kwa Waislamu wanaokubali wote kwenda kwake. Ule ni urithi wa enzi za masultani wa Zanzibar, na Kenya ilipopata uhuru 1963 ilikubali kuulinda. Sisi hatukuwa na mapatano kama hayo. Shehe wa Bunia anatoa shauri. Familia ikikubali, sawa. Mutu mmoja akikataa, tribinali inafuata Kode.

Na Kode inasema nini? Watoto wanachukua robo tatu, msichana sawa na mvulana, hata aliyezaliwa nje kama baba alimkubali kisheria akiwa hai. Robo inayobaki inagawanywa kwa makundi matatu: mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Makundi yote yakiwepo, mjane anapata moja ya kumi na mbili.

Mutu atasema: basi msikiti unampa zaidi! Ngoja kwanza. Kama bibi na bwana hawakuchagua mpango mwingine wa mali siku ya ndoa, waliyochuma pamoja ni ya wote wawili. Tuchukue mfano: kiwanja na mashine ya kusaga, vyote dola 12 000, vilivyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la bwana. Kwa hesabu ya shehe, moja ya nane ni dola 1 500. Kwa Kode, mama anaondoa kwanza nusu yake, 6 000, halafu moja ya kumi na mbili ya nusu ya marehemu, 500. Jumla 6 500, na haki ya kuendelea kukaa ndani ya nyumba waliyoishi.

Bila karatasi ya eta sivili, hayo yote hapati. Hapo shemeji wanafika na desturi yao, wengine wanataka na mama mwenyewe awe sehemu ya urithi! Katiba, kifungu cha 153, inaruhusu tribinali kufuata desturi, lakini ile tu isiyopinga utaratibu wa umma ama maadili mema.

Basi wapendwa, mkitoka kanisani ama msikitini mpite komini, na mashahidi wenu. Mliofunga zamani pia, nendeni. Na mtoto akizaliwa, baba amwandikishe ndani ya siku 90, ni bure. Jina lake liandikwe pale yeye mwenyewe akiwa amesimama.