Zege bila saruji: Kwa nini si kila majivu ya makaa ya mawe yanafaa

Uwanja wa ndege wa Wellcamp, karibu na mji wa Toowoomba kule Queensland, Australia, ulianza kutumika mwaka 2014. Ukiuona, utasema ni zege kama zege lingine. Kumbe maeneo ya kuegesha na kugeuzia ndege yamejengwa bila saruji ya kawaida. Zilitumika takriban mita za ujazo 40,000 za zege la majivu ya makaa ya mawe yaliyochanganywa na mabaki ya kuyeyushia chuma.

Zege la aina hii linaitwa jiopolima, jina lililotolewa na mwanakemia Mfaransa Joseph Davidovits miaka ya 1970. Linavutia kwa sababu saruji inachangia karibu asilimia 8 ya hewa ukaa inayozalishwa na binadamu duniani. Majivu yenyewe ni taka: vumbi laini linalonaswa kwenye moshi wa mitambo ya umeme.

Ila majivu hayashiki kwa maji peke yake kama saruji. Yanahitaji kostiki soda (ndiyo, ile ile ya watengeneza sabuni), mara nyingi pamoja na sodiamu silikati. Soda inayeyusha chembe za majivu, silika na alumina zinaachia, halafu zinaungana upya kama wavu mgumu. Sodiamu inabaki ndani ya wavu huo kuushikilia.

Sasa hapo ndipo kemia inaanza kuamua kila kitu.

Cha kwanza ni kalsiamu, yaani ile chokaa iliyomo kwenye majivu. Viwango vya Marekani vinayagawa majivu kwenye daraja F na daraja C, na mpaka kwa sasa ni asilimia 18 ya oksidi ya kalsiamu. Majivu ya F, yenye kalsiamu kidogo, ni mazito kushika. Kwa kawaida zege lake huwekwa kwenye joto la nyuzi 60 hadi 90 kwa saa 24 hivi ndipo lipate nguvu mapema. Kiwandani sawa, lakini nani atapasha joto uwanja wa ndege? Ndiyo maana mabaki ya chuma, ambayo yana kalsiamu nyingi, yana kazi kwenye mchanganyiko: yanafanya zege lishike kwa joto la kawaida.

Mbona basi wasijaze kalsiamu tu? Kwa sababu majivu ya C yanaweza kushika ndani ya dakika chache, fundi hata hajamaliza kumwaga. Halafu zege lenye kalsiamu kidogo kwa ujumla ndilo linalovumilia zaidi moto na asidi.

Cha pili ni uwiano wa silikoni na aluminiamu. Silikoni ikiongezeka nguvu inapanda, mpaka karibu atomi mbili kwa moja. Ukizidisha, mchanganyiko unanata na majivu mengi yanabaki bila kuyeyuka. Sodiamu nayo ina kipimo chake: ikizidi, inatoka nje na kuacha unga mweupe ukutani.

Mtego wenyewe, kwa maoni yangu, uko kwenye karatasi ya maabara. Karatasi inaweza kuonyesha majivu mawili yana silika sawasawa, lakini moja likatoa zege imara na jingine likatoa kitu cha kuvunjika hovyo. Sababu ni kwamba vipimo vya kawaida vinahesabu silika yote, wakati inayoyeyuka kirahisi ni ile iliyo katika hali ya kioo tu. Iliyo kwenye kwazi (madini yale yale ya mchanga) inakaa pale kama kokoto, haifanyi kazi. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni kioo ni asilimia ngapi. "Silika ngapi" peke yake haitoshi.

Kaboni ambayo haikuungua nayo ni kero, maana inanyonya kimiminika na zege linakuwa gumu kufanyia kazi.

Na majivu ya mtambo mmoja hayabaki yale yale. Mtambo ukibadilisha makaa au joto la tanuri, majivu yanabadilika, na mchanganyiko uliofanya vizuri mwezi uliopita unabidi upimwe upya kabla ya kumwagwa.