Bustani moja ya Zanzibar inafundisha nini muji wetu?



Mara hii ninapenda kuwaelezea namna gani muji unaweza kufufuka katikati yake, pale watu wote wanapitaka. Tutaanzia mbali kidogo, ku Zanzibar, kando ya bahari, kisha tutarudia hapa kwetu Lubumbashi. Mimi mwenyewe sijafika kule. Nimesoma tu na kutazama picha, lakini yale niliyosoma hayanitoki mu kichwa.

Ku Zanzibar kuko muji wa zamani unaoitwa Mji Mkongwe. Mwaka wa 2000 UNESCO iliuandika kati ya mahali pa urithi wa dunia yote. Mbele yake, kando ya maji, kuko bustani ya Forodhani. Forodha maana yake ni duane: zamani vitu vilivyokuja na vyombo vya bahari vilishushwa pale na kulipiwa kodi. Katika miaka ya 1930 pakageuzwa kuwa bustani ya kupumzikia. Mangaribi wenyeji wanakuja: wengine wanachoma nyama na samaki, wengine wanakamua miwa, vijana wanaruka toka juu ya ukuta na kuingia ndani ya maji.

Lakini bustani ikazeeka. Mawimbi yakakula ukuta, maji ya mvua yakakosa njia, majani yakakanyagwa mpaka kukabaki udongo. Basi mwaka wa 2008 ikafungwa juu ya kazi. Waliofanya kazi hiyo ni shirika la Aga Khan linaloshugulika na mambo ya utamaduni, wakipatana na serikali ya Zanzibar. Mwezi wa saba 2009 ikafunguliwa tena.

Walifanya nini? Kwanza, walitengeneza ukuta wa bahari na mifereji ya maji, maana maua yanayopandwa mahali maji yanasimama ni maua ya kufa. Pili, walitia taa, njia za kutembea, mahali pa kukaa na mahali pa watoto kuchezea. Tatu, na hili njo jambo kubwa, wale wenye kuuza chakula hawakufutwa kabisa. Walitengewa sehemu yao ndani ya bustani.

Tufikiri kidogo juu ya hili la tatu. Mutu hatoki nyumbani usiku juu ya kutazama taa. Anatoka sababu kuko harufu ya nyama, kuko wenzake, kuko kitu cha kununua kwa feza kidogo. Akiisha kufika, mwingine anamuona naye anafika. Mahali penye watu wengi na mwangaza, hata mama mwenye mutoto haogopi kupita. Kumbe wale wapishi njo walikuwa roho ya bustani. Wangefukuzwa, kungebaki mawe mazuri matupu.

Hatusemi kama kila kitu kilipona kule. Karibu kabisa na bustani ile kuko nyumba kubwa, Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka wa 1883 wakati wa Sultani Barghash. Tarehe 25 desemba 2020 sehemu yake ilianguka, wakati ilikuwa inatengenezwa, na watu wakakufa. Muji wa zamani hauponi kwa bustani moja. Na mahali pakiisha kuwa pazuri, bei inapenda kupanda, maskini anaanza kujiona mugeni pale pale alipozoea kukaa. Wenye kutengeneza wanapashwa kuangalia jambo hilo tangu siku ya kwanza.

Sasa mutu ataniuliza: Weye doyen, bahari tutaitoa wapi hapa Katanga? Ni kweli, hatuna. Lakini tuko na Place de la Poste, tuko na avenyu zenye miti ya jacaranda, inayochanua kila mwaka mbele ya mvua. Muji wetu ulianza mwaka wa 1910 juu ya shaba, sawa vile Forodhani ilianza juu ya duane. Na Wabelgiji waliukata: katikati walikaa wazungu, weusi walikaa ng'ambo, upande wa Kamalondo, na kati yao waliacha sehemu tupu iliyoitwa zone neutre. Katikati ya muji hapakuwekwa juu ya babu zetu kupumzika. Walipita tu kwenda kazi na kurudi. Leo ni petu sisi wote, lakini wengi wetu tungali tunapita mbio sawa wao.

Mama mudogo wangu anauza mikate na karanga mu muji. Siku moja walikuja watu wa kusafisha njia, wakapiga beseni yake teke, karanga zikamwangika ndani ya mufereji. Alirudi nyumbani bila hata franka moja, na jioni ile hatukukula bukari. Nyuma ya siku chache alirudia pale pale. Angeenda wapi? Watoto wanapashwa kusoma, na mimi ni mumoja wao. Sisemi kama njia ibaki chafu. Mutu wa gari naye anapashwa kupita, na takataka inaziba mifereji. Ninasema tu kama kufukuza si kutengeneza. Kufukuza kunadumu juma moja. Meza, maji, taa, pipa la takataka na mutu mwenye kulipwa juu ya kufagia kila siku, hivyo njo vinadumu.

Wandugu, sisi hatuna feza za kutengeneza Place de la Poste. Lakini mbele ya mulango wa masomo yetu, wamama wanaouza mikate wanakaa ndani ya matope kila mvua. Nimeongea nao: wanaomba mufereji mudogo na kivuli, basi. Majembe tuko nayo. Jumamosi ijayo, saa mbili ya asubui, wa mwaka wa mwisho tutaanza kuchimba mufereji. Mwenye mikono akuje. Na wale wamama wakae pale pale wakati tunachimba, watuonyeshe wenyewe maji yanapita wapi.

Doyen wa masomo, mwaka wa mwisho