Karabini ya upepo shambani: tupime hatari mbele ya kununua

Kila msimu, mpunga ukianza kuingiza maziwa, ulizo ni lile lile kwenye mikutano ya wakulima: ushirika ununue karabini ya upepo kwa kuua ndege? Wanaouliza wana haki. Wamama wanashinda shambani tangu alfajiri wakigonga masufuria, watoto wanakosa masomo, na bado kundi linashuka na kuacha masuke matupu. Karabini inaonekana rahisi. Haina baruti, haina kelele kubwa, na watu wengi wanaiita mchezo wa watoto.

Haiko mchezo. Kidonge chake cha milimita 4.5 kina uzito wa nusu gramu hivi, lakini kinatoka kwa mwendo wa mita 150 mpaka 250 kwa sekunde. Hiyo inatosha kupasua jicho, na kwa karibu inaweza kutoboa kichwa cha mtoto. Kikirushwa juu, kinaweza kwenda mita 300 mbele ya kuanguka. Pima mita 300 kutoka katikati ya shamba lako, uone unafika wapi: njia ya soko, chemchemi, pengine uwanja wa jirani.

Sasa angalia ndege anakaa wapi. Anakaa juu ya suke. Suke la mpunga liko sawa na kiuno cha mtu, kwa hiyo anayelenga ndege analenga pia mama anayepalia upande wa pili. Kwenye mtama ni vibaya zaidi, maana mtama unapita urefu wa mtu na unaficha watu kabisa. Na kwenye bonde lenye maji kuna jambo ambalo wengi hawalifikiri: kidonge kikigonga maji kwa mshazari hakizami, kinaruka na kuendelea upande ambao hukuutazamia. Jiwe linafanya vile vile. Kiisha, vidonge vingi vimetengenezwa kwa risasi yenyewe, yale madini yenye sumu. Watoto wanavitia mdomoni, na ndege aliyepigwa anapikwa na kidonge ndani.

Faida nayo iko wapi? Ndege wa aina ya kwelea anakula karibu gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege 100,000 ni tani moja kwa siku. Tuseme mpigaji wako ni fundi, anaua ndege kumi kwa saa. Ameokoa gramu 100, sawa na mkono mmoja au miwili ya mpunga. Wale wengine wamehamia kwa jirani, na baada ya dakika chache wanarudi, maana mlio wa karabini ya upepo hauwatishi hata kama sufuria ya mama. Kule Kenya, Januari 2023, kwelea walivamia mashamba ya mpunga ya Kisumu, na serikali ikapulizia sumu ya fenthion. Ile sumu nayo inaua mwewe na bundi, na ni hatari kwa watu wanaookota ndege waliokufa na kuwala. Sitaki hata mmoja wetu ajaribu kuiga kwa dawa ya wadudu.

Lakini hatari kubwa kwetu Ituri haiko kwenye kidonge. Iko kwenye umbo la ile karabini. Mtu amesimama ndani ya mtama, saa kumi na mbili asubuhi, ameshika kitu kirefu begani. Askari wa doria akimuona kwa mbali hatauliza kama ni ya upepo ao ya baruti. Watu wa makundi yenye silaha hawatauliza pia: watampiga, ao watakuja usiku kuitafuta. Na jirani wa kabila lingine atasema kijijini kwamba upande ule wameanza kujipanga. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo limewekwa chini ya utawala wa kijeshi, na programu ya P-DDRCS iliundwa mwaka ule ule ili vijana waweke silaha chini. Ushirika kuleta kitu chenye sura ya bunduki wakati huu, mimi siushauri. Sheria ya silaha ya 3 Septemba 1985 nayo ipo. Mbele ya kutoa hata franka moja, kamati iende kwa administrateri wa teritwari na polisi, ipate jibu la maandishi. Jibu la mdomo halitakusaidia kwenye barieri.

Kama kuna ushirika ambao tayari unayo na una karatasi yake, basi iwe na mtu mzima mmoja tu aliyeandikwa, apige toka kwenye dungu akielekeza chini, penye ukingo wa udongo nyuma ya ndege, hakuna maji, hakuna mtu. Ifungwe kwa kufuli, vidonge mahali pengine. Mtoto asiiguse, na isibebwe wazi kwenye pikipiki.

Pesa ile ile ingefanya kazi zaidi kwingine. Pandeni kwa juma moja bonde zima, maana shamba linaloiva peke yake ndilo linaloliwa lote. Ondoeni majani yenye mbegu pembezoni, ndiyo yanayowaita ndege mbele ya mpunga kuiva. Wavu ununuliwe kwa ajili ya kiwanja cha mbegu, si kwa shamba zima. Mtama mwekundu, ule mchungu wa pombe, ndege wanauacha mpaka wakose kingine. Na zamu ya kufukuza haihitaji siku nzima: ndege wanakula hasa toka saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi, kiisha toka saa tisa mpaka jua kuzama. Watu wazima wakigawana masaa hayo kwa majuma matatu ao manne, toka maziwa mpaka mavuno, watoto wanaweza kwenda masomo. Orodha ya zamu iandikwe siku ile ile mnayogawana mbegu.