Ukiagiza gari Japani, usiage kwa ‘sayonara’

Wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wanaoagiza magari yaliyotumika kutoka Japani wanalijua neno moja la kuaga: ‘sayonara’. Hilo ndilo la kuchunga. Asili yake ni maneno yenye maana ya “ikiwa ni hivyo, basi”, na watu wazima huko hulitumia kwa nadra, hasa wanapoachana kwa muda mrefu au moja kwa moja. Likitamkwa baada ya kujadiliana bei, muuzaji anaweza kudhani mteja amejitoa.

Anayetoka kwenye kikao au anayetaka kukata simu ya kikazi husema ‘shitsurei shimasu’, yaani anaomba radhi kwa kukosa adabu. Anayewaacha wenzake kazini hutanguliza ‘osaki ni’, kwamba anawatangulia kuondoka. Wao humjibu ‘otsukaresama desu’, karibu sawa na “pole na kazi” yetu.

Marafiki huagana kwa ‘ja ne’ au ‘mata ne’, yaani “haya, baadaye”. Bosi au mteja haagwi hivyo. Nyumbani, anayetoka husema ‘itte kimasu’, “naenda, nitarudi”, na wanaobaki humjibu ‘itte rasshai’, “nenda urudi”.

Barua pepe ya biashara kwa kawaida hufungwa kwa ‘yoroshiku onegai shimasu’, ombi la kuendelea kushirikiana vyema. Kwa anayesubiri gari lipakiwe melini, hilo ndilo la kuandika mwishoni.